Kesi za askari magereza: zijue karatasi za gereza kwanza

Nyie mnaoanza kazi kwenye ofisi za mawakili hapa Marekani na mmepewa faili la askari magereza aliyeshtakiwa kumpiga mfungwa au kughushi daftari, naomba mnisikilize kidogo. Mi niko upande wa utetezi miaka kadhaa sasa, kazi yangu ni kusoma ushahidi ulioletwa na mashtaka na kutafuta ambao haujaletwa, na kitu ambacho hakuna aliyeniambia mwanzoni ni kwamba kwenye kesi hizi ugomvi unaanzia kwenye nani ameshika karatasi. Gereza ndo mwajiri wa mshtakiwa, mashahidi wako humohumo gerezani, kamera ni zake, afu gereza hilohilo linaogopa kudaiwa fidia.

Sheria yenyewe utaisoma wiki moja ukaielewa. Inatoka kwenye kesi za Mahakama ya Juu ya Marekani: Brady ya 1963 inataka mashtaka wakabidhi chochote kinachomsaidia mshtakiwa, Giglio ya 1972 ikaingiza na yale yanayomtia doa shahidi wao kama ahadi alizopewa, Kyles ya 1995 ikasema mwendesha mashtaka hana ruhusa ya kusema sikujua kama wenzake wanaofanya kazi kwa niaba ya serikali kwenye kesi ile walijua. Swali gumu ni moja, gereza ni mwenzake au ni mtu baki? Angalia wale askari wawili walioshtakiwa New York Novemba 2019 kwa kughushi karatasi za kuhesabu wafungwa usiku aliokufa Jeffrey Epstein, yule tajiri aliyekuwa mahabusu akisubiri kesi ya kudhulumu wasichana kingono, utetezi uliomba kumbukumbu za uchunguzi wa ndani zinazoonyesha matatizo ya idara ya magereza kwa ujumla, mashtaka wakapinga, japo magereza ya shirikisho na waendesha mashtaka wote wako chini ya Wizara ya Sheria hiyohiyo. Kesi ikaja kuisha kwa makubaliano 2021. Kwa hiyo usikae ukisubiri faili lije lenyewe eti kwa sababu wote ni serikali.

Sa kama gereza linahesabika mtu baki, unaenda kwa hati ya wito, yaani amri ya mahakama ya kumtaka alete nyaraka, na hapo tangu kesi ya Nixon ya 1974 lazima uonyeshe kitu unachokitaka kinahusika, kinaweza kupokelewa mahakamani na umekitaja waziwazi. Ukiandika "nyaraka zote zinazohusu tukio" umejifungia mlango mwenyewe. Andika daftari la zamu la jengo fulani tarehe fulani kuanzia saa fulani, ripoti ya matumizi ya nguvu pamoja na rasimu zake, orodha ya waliokuwa zamu, rekodi za milango ya umeme, sauti za redio, karatasi za kliniki. Haya majina kila gereza lina yake, muulize mteja wako, huyo amezijaza kila siku ya kazi, na sijui kwa nini wengi wanakumbuka kumuuliza mwishoni.

Kuna kesi tuliletewa kopi za daftari la zamu, kurasa kama arobaini, nikazipitia zote nikaandika muhtasari. Kitu kikawa kinanikera, safu ya kushoto ilikuwa na dakika tu, tarakimu za saa hazionekani, aliyetoa kopi alilaza daftari vibaya ukingo wote ukakatika. Tukaomba kuliona daftari lenyewe, na Kanuni ya 16 ya kanuni za shirikisho za mwenendo wa jinai inaruhusu kukagua sio kupewa kopi tu, tukabishana karibu mwezi mzima ndo tukaonyeshwa. Pale ukingoni mstari mmoja saa ilikuwa imekatwa na nyingine imeandikwa juu yake kwa wino tofauti. Tangu siku hiyo kopi nazitumia kujua niombe nini, halafu naomba kuona daftari. Ila mjue ukiomba chini ya kanuni hiyo na wao wanapata haki ya kukuomba vyako, kwa hiyo mwulize wakili kwanza kabla hujatuma chochote.

Video ndo ya kukimbilia. Mitambo mingi inajifuta yenyewe kwa kurekodi juu ya ya zamani, kwa hiyo barua ya kutaka zihifadhiwe itoke siku ile mnayopokea kesi, na itaje kamera na sehemu. Julai 2019 kwenye jela hiyohiyo aliyokuwa Epstein, wakili wa mfungwa aliyelala naye seli moja aliomba video ihifadhiwe siku chache tu baada ya tukio la kwanza, pale Epstein alipokutwa na majeraha shingoni wiki chache kabla ya kufa, na Januari 2020 mashtaka wakaiambia mahakama kwamba jela ilihifadhi kimakosa video ya sehemu nyingine. Na kwa kesi ya Youngblood ya 1988, ushahidi ambao ungeweza kusaidia ukipotea bila wewe kuthibitisha nia mbaya, kwa kawaida hupati kitu. Barua yako ya mapema ndo itaonyesha walijua.

Halafu kuna kesi ya Garrity, ya 1967. Askari akilazimishwa na wakubwa wake aeleze la sivyo anafukuzwa kazi, maelezo yale hayatumiki dhidi yake kwenye jinai. Kwa hiyo magereza mengine wanaweka ukuta, watu wa uchunguzi wa ndani hawaongei na wa jinai. Shida inakuja pale maelezo ya askari wa pili, yaliyomo ndani ya ukuta huohuo, yanamsaidia mteja wako, mashtaka wanasema hatujayasoma na haturuhusiwi kuyasoma, na wewe unayahitaji. Omba jaji ayapitie mwenyewe faraghani au wawekwe mawakili wengine wa serikali wasiohusika na kesi wachuje. Usikubali jibu la "yako kwenye ukuta" likawa mwisho wa habari.

La mwisho linaniumiza. Mashahidi wengi ni wafungwa, na mafaili yao tunayahitaji, adhabu walizopata, maombi yao ya kuhamishwa, kama kuna aliyepunguziwa kitu ili aseme. Hiyo ni haki ya mteja. Lakini shahidi huyo usiku analala nyuma ya mlango ambao ufunguo wake anao rafiki wa mshtakiwa. Mashtaka wakiomba amri kwamba majina yabaki kwa mawakili tu, msipinge kwa mazoea, pingeni pale inapowazuia kumhoji mteja kuhusu tukio lenyewe. Niliwahi kuona karatasi yenye majina ya mashahidi imeachwa kwenye meza ya kikao, askari walikuwa wanapita pale, nikaichukua mikono inatetemeka. Sasa hivi kopi zote za majina nazipa namba na nani kapewa ipi naandika kwenye daftari moja na tarehe za barua zetu zote, iliyoombwa lini, iliyojibiwa lini na isiyojibiwa kabisa, kwa sababu siku ya kubishana mbele ya jaji wakili atanigeukia mimi kuuliza tuliomba lini.