Fundi anayesubiri si mvivu: mbinu za Toyota kwenye shantie ya Bukavu

Ndugu yangu uliyeuliza kama usimamizi wa kukata upotevu, ule wanaouita lean, unafaa kwa nyumba ya ghorofa moja unayoisimamia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, au ni mambo ya kampuni kubwa zenye kompyuta: unafaa, na kompyuta huihitaji. Umeandika kwamba mafundi wako ni wazito na kwamba patroni, yaani mwenye kazi, anataka uongeze vibarua. Hapo ndipo sikubaliani nawe. Nimeanza kama msaidizi wa fundi mjini humu, nikawa kapita, yaani mkuu wa mafundi, sasa nasimamia shantie, yaani mahali pa ujenzi, na kwa niliyoyaona, muda mwingi unaopotea haupotezwi na fundi. Unapotezwa na anayemwongoza.

Simama pembeni asubuhi moja bila kusema neno, utazame mikono tu. Mwashi amekaa juu ya matofali kwa sababu mchanga bado uko kule juu barabarani. Msuka nondo ameshika koleo, waya wa kufungia haujanunuliwa. Fundi bomba anavunja ukuta uliopigwa lipu juzi, maana hakuna aliyemwita kabla ya lipu. Taiichi Ohno, injinia wa Toyota, kampuni ya magari ya Japani ambako mbinu hizi zilianzia, aliugawa upotevu katika mafungu saba: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha ovyo, kazi ya ziada isiyo na faida, kulimbikiza akiba, kuzungukazunguka, na kasoro zinazolazimu kurudia. Yote yapo kwetu, lakini kusubiri kunayapita mengine kwa mbali. Ukiongeza vibarua kabla ya kuondoa sababu ya kusubiri, umeongeza watu wa kusubiri.

Aliyeiingiza fikra hii kwenye ujenzi ni Lauri Koskela, mtu wa Finland, katika ripoti aliyoiandika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1992. Baadaye akaonyesha kwamba kazi yoyote ya ujenzi inahitaji mambo saba yawe tayari kabla haijaanza: mchoro, vifaa, watu, zana, nafasi ya kufanyia, kazi iliyotangulia kukamilika, na hali ya nje kama mvua. Likikosekana moja, kazi inasimama au inafanywa vibaya. Glenn Ballard na Greg Howell, walioanzisha taasisi yao ya ujenzi wa namna hii mwaka 1997, walipima shantie za Marekani na kukuta kazi zinazotimia ndani ya wiki zilizoahidiwa ni karibu nusu tu. Hiyo ni nchi yenye lami na umeme. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie tatizo ni watu wetu.

Dawa yao ni kwamba mtu wa mwisho kupanga awe yule atakayeifanya kazi yenyewe. Mimi hufanya hivi: Ijumaa mchana, kabla watu hawajachoka kabisa, tunakusanyika mbele ya kipande cha tripleksi (plaiwudi) kilichopakwa rangi nyeusi. Kila kiongozi wa kikundi, yaani mwashi mkuu, msuka nondo, seremala wa kofraji (mbao za kushikilia zege), fundi bomba, anasema wiki ijayo atafanya nini, na kapita anaandika kwa chaki. Ijumaa inayofuata tunatia alama: imefanyika au haikufanyika. Hakuna "karibu". Kwa kila isiyofanyika tunaandika sababu, bila jina la mtu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi huharibu. Fundi wetu hazoei kumwambia patroni hapana. Ukimuuliza, "Utamaliza ukuta huu Alhamisi?" atajibu, "Ndiyo, patroni," hata kama anajua matofali hayatoshi. Ni heshima, na pia ni kuogopa nafasi yake kupewa mwingine. Ahadi ya namna hiyo haina faida kwako. Muulize badala yake: "Ili ukuta huu uishe Alhamisi, unahitaji nini kutoka kwangu?" Kisha unyamaze. Atakuambia kuna jukwaa moja tu la kupandia na seremala analitumia, au maji ya kuchanganyia yanafika saa nne kwa sababu bomba hukauka asubuhi. Siku fundi wa kwanza atakapokuambia mbele ya wote, "Hapana, haiwezekani," mshukuru kwa sauti. Wengine wanakuangalia usoni kuona utafanya nini. Na wewe uwe wa mwisho kuzungumza siku zote; kiongozi akisema kwanza, mkutano umekwisha.

Katika shantie moja niliyoifanyia kazi, tulipozisoma sababu za wiki kadhaa pamoja, nyingi zilikuwa za upande wetu wa usimamizi: vifaa havikuagizwa, mchoro wa ngazi haukuamuliwa, pesa ya mafuta ya mashine ya kuchanganya zege ilichelewa. Mwenye nyumba alipoona ubao ule, aliacha kuzungumzia uvivu.

Kuhusu kusafirisha, Bukavu ina shida yake. Lori linasimama barabarani, kiwanja kiko chini bondeni au juu ya ngazi za udongo, na kila kitu kinabebwa na mama zetu kwa kamba ya kichwani. Mchanga ukimwagwa mahali pasipofaa, utabebwa mara mbili, mara tatu, na kila mara unalipa. Kabla lori halijaja, tembea njia yote na wale mama wenyewe na uwaulize. Mmoja wao aliwahi kutuonyesha kichochoro cha jirani kinachofika moja kwa moja nyuma ya kiwanja. Tulizungumza na jirani, tukamlipa kidogo, na safari ikawa fupi sana. Sisi wasimamizi tulikuwa tumepita hapo kila siku. Mama yule alistahili kuulizwa tangu siku ya kwanza.

Jambo moja la Toyota usilichukue kama lilivyo: kuleta vifaa saa ileile vinapohitajika. Saruji yetu nyingine inatoka ng'ambo, Bugarama nchini Rwanda, ambako si mbali, lakini mpaka una mambo yake, na mvua za Septemba hadi Mei zinakata barabara. Kwa hiyo weka akiba, ila akiba yenye hesabu. Dali, yaani bamba la zege, ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15. Kwa dozaji, yaani kipimo cha saruji, ya kilo 350 ni mifuko 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani 105. Usimwage hata ndoo ya kwanza kabla mifuko yote haijaingia stoo, pamoja na michache ya ziada. Lakini usijaze stoo ya miezi mitatu pia, kwani unyevu wa hapa unagandisha saruji ndani ya mfuko. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, iliyoingia kwanza itoke kwanza.

Toyota wana kamba ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuivuta akiona kasoro, na kama haikutatuliwa mara moja, mstari wa kazi unasimama. Kwetu kamba hiyo ni sauti ya mtu. Tulipokuwa tunamwaga zege, kijana wa ndoo aliona miti ya mikalitusi iliyoshikilia kofraji inazama taratibu kwenye udongo uliolowa. Akapaza sauti. Kapita akasimamisha kazi papo hapo, tukaweka mbao pana chini ya miti, tukaendelea. Kijana yule alikuwa na cheo cha chini kuliko wote pale. Mji huu ulitikiswa na tetemeko la 3 Februari 2008, nyumba zikaanguka. Nguzo au dali iliyofanywa vibaya hapa inaua. Anayesimamisha kazi kwa sababu ya usalama asikatwe mshahara, hata kama alikosea.

La mshahara sitalisema kwa urefu. Kama Jumamosi watu hawalipwi, ubao wa Ijumaa haufai kitu. Huwezi kudai ahadi zao huku zako hazitimii. Mweleze patroni wako hivyo kabla ya kuanza, na pesa ya wiki iwe moja ya mambo yanayoandikwa ubaoni, kwa jina la cheo chako.

Usianze na yote. Tafuta tripleksi na chaki, fanya mkutano Ijumaa hii, usibadilishe kingine chochote kwa mwezi mmoja. Kisha rudi hapa utuandikie sababu zilizojitokeza zaidi, pamoja na umbali kutoka barabarani hadi kiwanjani, tuone pa kukata kwanza.