Misuli hutangulia, kano hufuata: kwa wewe unayeanza mazoezi

Wewe uliyeanza mazoezi mwezi huu na unajisikia una nguvu kuliko ulivyotarajia, naomba unisikilize kabla hujaongeza chochote. Nami nilijisikia hivyohivyo. Nilianza kwa kukimbia kilomita 2, wiki ya tatu nikafika 5, wiki ya sita nikajipa 10 kwa kuwa pumzi iliniruhusu. Kesho yake asubuhi nilishuka kitandani, nikakanyaga sakafu, na ugoko wa kulia ukachoma upande wa ndani kama umeguswa na kaa la moto. Nikajiambia ni uchovu tu. Baada ya siku mbili nikakimbia tena, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe: wiki tisa sikuweza kukimbia.

Pumzi ilikuwa tayari, misuli ilikuwa tayari, ila mifupa na kano bado. Kano ni zile nyuzi ngumu zinazoshikiza msuli kwenye mfupa. Ukitaka kuijua, papasa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Damu inayopita humo ni kidogo ukilinganisha na ya msuli, kwa hiyo kano hujijenga taratibu mno. Msuli huanza kubadilika ndani ya wiki chache. Kano huhitaji miezi. Tena nguvu unazozipata mwanzoni kwa sehemu kubwa hazitokani na msuli kukua. Ni ubongo na neva vinajifunza kuiamsha misuli mingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana uzito uliokushinda siku ya kwanza, baada ya wiki tatu unauinua bila shida. Furahia, ni maendeleo ya kweli, lakini usiyachukue kuwa ruhusa ya kuongeza mara mbili.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa mara tano, na kutembea kwa kasi kumo. Kwa anayeanza kunyanyua vyuma, siku tatu kwa wiki zinatosha kabisa, na kati ya siku na siku pawe na mapumziko. Fanya kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta, kuinama kwa kurudisha makalio nyuma huku mgongo umenyooka, na kubeba kitu kizito ukitembea. Mengine yatasubiri.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ama uzito, ama idadi ya marudio, ama siku. Mimi hufanya seti tatu, yaani mizunguko mitatu yenye pumziko kati yake, kila moja ya marudio 8, na kila seti naiacha nikiwa bado ningeweza kufanya mawili zaidi. Wiki hadi wiki napandisha hadi seti zote tatu zifike 12. Hapo ndipo naongeza uzito, tena ule mdogo kabisa uliopo, narudi kwenye 8. Ni njia ya taratibu na inachosha kichwa kuliko mwili, lakini kano hupata nafasi ya kuufikia msuli.

Kuchuchumaa nakushauri ujifunzie mbele ya kiti, bila uzito wowote. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vimeelekea nje kidogo. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, gusa kiti bila kukalia, kisha panda. Kisigino kisiinuke. Utaambiwa goti lisivuke vidole vya mguu. Mimi silihangaikii hilo, maana likivuka kidogo huku kisigino kimetulia hakuna ubaya. Ninachokiangalia ni goti kuporomokea ndani wakati wa kupanda. Likiporomoka, uzito ni mkubwa mno au umeshachoka, na seti hiyo imekwisha.

Kabla ya kuanza, pasha mwili joto kwa dakika tano hadi kumi kwa mwendo uleule utakaoufanya, ila mwepesi.

Sasa maumivu, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi huja taratibu, hukolea kati ya saa 24 na 72, husambaa pande zote mbili, na ukitembeatembea hupungua. Yale ya kuumia unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Yako upande mmoja, mara nyingi kwenye kiungo au mfupa, na huzidi kadiri unavyoendelea. Ukiyakuta hayo, acha zoezi hilo siku hiyohiyo. Na kama umejichosha kupita kiasi kisha mkojo ukawa wa rangi nzito ya kahawia, nenda hospitali bila kungoja kesho. Ni dalili kwamba misuli imeharibika kiasi cha kuzilemea figo. Maumivu ya kifua nayo hayangojwi.

Kuumia hakukulazimu kulala. Wiki zile tisa niliendesha baiskeli, kwa kuwa haikuuma, na nikafanyia kazi mikono na mgongo. Nilinunua pia daftari: tarehe, zoezi, seti, usingizi wa jana, na maumivu kuanzia 0 hadi 10. Ningekuwa nalo mapema, ningeona jinsi ugoko ulivyoanza kulalamika tangu wiki ya nne.

Niliporudi barabarani nilikimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane, basi. Siku hiyo niliandika: ugoko 1. Sikuongeza hata dakika mpaka nilipoandika 0 mara tatu mfululizo.