Mstari wa Kumi Ambao Haubandikwi kwenye Daladala

Mimi na mke wangu tulifunga ndoa mwaka 2013 katika usharika wetu hapa Moshi, na tangu mwaka uliofuata tumekuwa tukimwomba Mungu mtoto. Hadi ninapoandika makala haya hatujampata. Nalisema hilo mapema ili msomaji asitazamie ushuhuda wenye mwisho mtamu, kwa kuwa shuhuda za waliokwisha kuvuka ndizo zilizotuumiza zaidi sisi tuliokuwa bado majini.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumpangia Mungu tarehe. Katika mkesha mmoja mtumishi alitutabiria kwamba Desemba isingeisha kabla hatujapata habari njema, akatuagiza tutoe sadaka ya pekee. Tukauza ng'ombe wetu wa maziwa, tukatoa. Desemba ikapita. Kwa miezi karibu minane sikuomba kabisa, ingawa kila Jumapili nilisimama mahali pangu kwenye kwaya nikiimba besi, na hakuna aliyetambua.

Kilichonirudisha ni mstari ambao kila mtu anaujua, Yeremia 29:11, ule wa Mungu kuyajua mawazo anayotuwazia, unaobandikwa kwenye vioo vya daladala na kuta za sebule. Siku moja niliusoma kuanzia sura ya 28. Humo nabii Hanania anawaahidi watu kwamba baada ya miaka miwili Mungu atavunja nira ya Babeli, na ahadi hiyo haikutoka kwa Mungu. Katika sura inayofuata, Yeremia anawaandikia barua Wayahudi waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, ambao sijawahi kuuona kwenye daladala lolote, unasema watarudishwa kwao baada ya miaka 70. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa wangezikwa Babeli. Hata hivyo waliagizwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, na kuuombea mji ule waliokuwa wafungwa ndani yake.

Sisi tulikuwa hatujapanda chochote. Chumba cha pili cha nyumba yetu kilikaa kitupu miaka mitano, kikimsubiri mtoto, na hata mgeni hakulazwa humo. Tulikifungua, akaingia mpwa wangu anayesoma sekondari. Sidai kwamba yeye ndiye jibu la maombi yetu. Angekasirika, na mimi pia. Ninachosema ni kwamba maisha yaliyokuwa yamesimamishwa yalianza tena, na sala nayo ikaanza tena, japo kwa maneno ya kuazima. Nilipokosa langu la kusema nilisoma Zaburi ya 13, inayouliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Mke wangu aliipenda zaidi Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila faraja yoyote, akasema kwamba kama maneno hayo yamo katika Biblia, basi naye anaruhusiwa kuyasema.

Kwa wanaume wenzangu nina neno la aibu yangu mwenyewe. Kwa miaka mitatu nilimwacha mke wangu aende kliniki peke yake, nikiuita woga wangu imani. Nendeni mkapimwe wote wawili, kwani vipimo na maombi havijawahi kugombana isipokuwa vinywani mwetu.

Na kwa wanaotuzunguka: kuhani Eli alimwona Hana, mwanamke aliyekuwa akimwomba Mungu mtoto, akisogeza midomo bila sauti, akadhani amelewa. Watu wengi wa kanisa wamekuwa akina Eli kwetu bila kukusudia, wakituuliza kama tumetubu dhambi zote. Waliotusaidia ni wazee wawili wa jumuiya waliotuombea kila Alhamisi, wala hawakutuuliza hata mara moja kama kuna habari mpya.

Jumapili za ubatizo bado ni ngumu. Tumekubaliana kwamba atakayelemewa atoke nje bila kuulizwa. Mwezi uliopita nilitoka mimi, nikaketi chini ya mparachichi nyuma ya kanisa na Zaburi ya 13 mkononi, hadi niliposikia kinanda kinaanza wimbo wa sadaka. Nikarudi kuimba besi.