Seli mama hairithi, inarithisha

Mwalimu mmoja wa baiolojia kaniuliza hivi: kwenye somo lake la hamira kaandika "seli mama hurithi plasmidi kwa chipukizi" (plasmidi ni kipande kidogo cha DNA kinachokaa nje ya kromosomu), mwenzake kamwambia acha tu wanafunzi wataelewa, ila yeye roho haijatulia, je aandikeje?

Mwalimu roho yako imesema kweli. Hiyo sentensi imesimama kichwa chini miguu juu, na hili kosa linanichoma miaka mingi sasa. Kurithi ni kupokea, kurithisha ni kutoa, basi. Neno tumelitoa kwenye Kiarabu pamoja na mirathi, na aliyerithi ni yule anayebaki na mali mkononi.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha familia, msemaji akasimama akatangaza "mzee amewarithi watoto wake shamba". Mzee yupo pale kwenye kiti, watoto wanne wako mkekani wazima wa afya. Sasa ukimrithi mtu maana yake umechukua kilichokuwa chake, ndo maana tunasema fulani kamrithi fulani kwenye cheo, na mjane akarithiwa na shemeji yake. Kwa hiyo msemaji yule kawanyang'anya watoto shamba kampa mzee ambaye ndo mwenye shamba! Angesema "amewarithisha", silabi moja tu imeongezeka, kila kitu kinakaa mahali pake. Na silabi hiyo ikikosekana kwenye wosia, ndugu wanaweza kufikishana mahakamani.

Wanaotetea wanasema si tunaelewana. Kwenye hamira hatuelewani hata kidogo. Seli ya hamira haikatiki katikati, inatoa chipukizi ubavuni, linakua, linajitenga, mama anabaki na baadaye anachipua tena. Sasa zipo plasmidi zisizo na sentromia, yaani ile sehemu ya DNA inayoshikwa na kuvutwa seli inapogawanyika, hizo zinang'ang'ania kwa mama, watafiti Murray na Szostak walilionyesha mwaka 1983 kwa kufuatilia seli na vizazi vyake, machipukizi mengi yanaondoka mikono mitupu. Ukiipachika plasmidi sentromia inavutwa kama kromosomu, mama anapata na chipukizi linapata. Halafu ipo ile ya asili, plasmidi ya mikroni 2, nakala kama 40 hadi 60 kwenye seli moja, ina protini zake yenyewe, Rep1 na Rep2, zinazohakikisha chipukizi haliondoki bila fungu lake. Kote huko jambo linalotafutwa ni moja, nani kabaki na plasmidi. Ukiandika "mama hurithi" mwanafunzi anaelewa mama ndo kapokea, na kwa vile zile zisizo na sentromia kweli hubaki kwa mama, atadhani umemfundisha tabia ya plasmidi kumbe umekosea kitenzi tu.

Andika "seli mama hulirithisha chipukizi plasmidi", au "chipukizi hurithi plasmidi kutoka kwa seli mama". Wapo wanaosema mtu harithi mpaka mwenye mali afe, hao siwakubali, mtoto karithi macho ya mama yake na mama yuko jikoni anapika. Ukipenda kuandika seli binti badala ya chipukizi sikukatazi, ingawa mi naona chipukizi linamwonyesha mwanafunzi kitu chenyewe kinavyotoka.

Na huyo mwenzako akirudi tena na wataelewa zake, msomee sentensi zote mbili taratibu halafu muulize plasmidi ziko kwa nani.