Vidole vifike mpaka mtulingani

Wadogo zangu mnaoanza wodini, mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwenye faili la mzee mmoja: "hakuna mitoki", yaani hakuna tezi za limfu zilizovimba. Alikuja amekonda, chakula hakimpiti. Nilimpapasa chini ya taya tu, kola ya shati ikiwa imefungwa. Kesho yake daktari aliyenitangulia alimwomba afungue vifungo viwili, akashusha vidole nyuma ya mtulinga wa kushoto, akakuta tezi ngumu kama kokoto. Tezi ya hapo ikivimba, lazima uwaze saratani ya tumboni, maana majimaji ya limfu kutoka tumboni hupanda kupitia upande huo. Tangu siku ile siandiki "hakuna" mahali ambapo vidole vyangu havikufika.

Mgonjwa akae, nawe usimame nyuma yake. Pasha mikono, muulize panapouma. Tumia nyama za vidole, uzungushe ngozi taratibu; ukibonyeza kwa nguvu, tezi ndogo inateleza na hutaijua. Anza kidevuni, chini ya taya, mbele na nyuma ya sikio, kisogoni, kisha ushuke na shingo. Ainamishe kichwa kidogo upande unaoupapasa ili msuli ulegee. Ukifika mtulingani, mwambie avute pumzi ndefu: tezi iliyojificha huja juu.

Kwapa ndilo linalorukwa zaidi, hasa kliniki ikijaa. Ubebe mkono wa mgonjwa mpaka usikie uzito wake wote. Asipokuachia, hutagusa kitu. Kwapa la kushoto lipapase kwa mkono wako wa kulia.

Kinenani msishtuke upesi. Wanaotembea peku wengi wana vitezi vidogo huko, hata vya sentimita 1.5, bila ugonjwa. Kwingine, tezi inayozidi sentimita 1 itafutie sababu.

Na sababu mara nyingi iko jirani. Mtoto mwenye mitoki ya kisogoni, mvue kofia kwanza. Huenda ni mapunye, naye anaandikiwa antibiotiki bure. Tezi laini inayouma, tafuta kidonda au jino bovu. Lakini zikiwa shingoni, haziumi, zimeshikamana kama kishada na zina wiki kadhaa, fikiria kifua kikuu hata kama hakohoi, mshauri apime na VVU, na panga tezi itolewe sampuli kwa sindano.

Kwenye faili andikeni mahali, ukubwa kwa sentimita, ugumu, maumivu, na kama inacheza au imeganda.