Jikoni na Wasomaji: Karamu ya kizamani ya watu 150

SWALI: Assalam aleikum bi mkubwa. Mdogo wangu aoa mwezi wa pili inshallah, yeye ni mwalimu wa historia na amekaza kwamba chakula cha mchana kiwe cha zamani kabisa, cha Malindi ya wakati ule Mreno alipokuja, chipsi na soda hataki kuziona. Watu ni kama 150 na mie ndo nimeachiwa jiko. Nina friji moja, friza ya jirani, na wasaidizi wanne. Ninunue nini, na kipi nipike mapema ili siku yenyewe nisichanganyikiwe?
Dada wa bwana harusi, Shela, Malindi

JIBU: Waaleikum salam mamangu, na hongera, Mungu awatimizie. Mwambie mwalimu nimempenda, manake watu husema tu "chakula cha zamani" alafu wakapika biriani ya viazi. Yeye ashataja Mreno kwa hivo mwaka mnao, ni 1498, Vasco da Gama alitia nanga hapo kwenu mwezi wa nne. Na mna bahati kwamba mmoja wa waliokuwa kwenye zile meli aliandika vitu walivyopelekewa na mfalme wa Malindi: kondoo sita, na karafuu, bizari nyembamba, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Hiyo tayari ni orodha ya sokoni!

Sasa toa vile ambavyo vilikuwa havijafika. Nyanya, viazi, mahindi, muhogo, karanga, maharagwe, nanasi, papai, na pilipili zote hizi mbichi na za kichaa, asili yake ni Amerika, na Columbus alivuka bahari 1492, miaka sita tu kabla, kwa hivo Malindi hakuna aliyekuwa ameonja. Najua kutoa nyanya kwenye mchuzi ni kama kumtoa mama kwenye nyumba, lakini ukiwa na ukwaju na vitunguu vya kutosha vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa rangi ya kahawia wala hutaikumbuka.

Vinavyobaki ni vingi. Mchele, mtama, nazi, samli, maziwa, ndizi, kunde, pojo, ndimu, ukwaju, tende, asali, mbuzi, kondoo, kuku na bahari nzima. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani hii 1331 na akiwa Mogadishu aliandikia chakula mpaka mate yakutoka: wali uliopikwa kwa samli umewekwa kwenye chano kubwa la mti, juu yake kitoweo cha kuku na nyama na samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na bakuli la maziwa ya mgando lenye ndimu za achari, pilipili manga zilizowekwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na embe. Mie ningeichukua meza hiyo hiyo, ningepunguza viwili tu, kuku na samaki. Nyama, kuku na samaki vyote kwa pamoja kwa watu 150 na wasaidizi wanne, hapo ndo utachanganyikiwa kweli.

Na uone jinsi ilivyo rahisi kugawa kazi, manake chakula hiki kilitengenezwa na watu wasio na friji, nusu yake chapenda kungoja. Anza na achari, hiyo wiki tatu au nne kabla. Ndimu unazipasua mara nne lakini usifikishe mwisho, zibaki zimeshikana kwenye kikonyo, unazishindilia chumvi mpaka chumvi yenyewe imwagike, unazipanga kwenye chupa ya gilasi ukizibana na kijiko zitoe maji yake, alafu juani mchana na ndani jioni. Siku za mwanzo zitakuwa kijani na ngumu, usiguse, ngoja ganda lilainike na maji yawe mazito kidogo kama asali nyepesi. Kifuniko kisiwe cha chuma, chumvi na ndimu zitakila.

Wiki mbili kabla, nunua vikavu vyote. Mchele hesabu kilo moja watu wanane, ya kwako ni kama kilo 19, ifanye 20, na uongeze 2 za wapishi na majirani, na nakuomba sana ununue wote kwa duka moja na gunia moja, mchele mpya na mchele wa mwaka jana havinywi maji sawa, ukichanganya utapata wali huku umebondeka huku una kiini. Ukifika nyumbani pika kilo moja ule na watu wako, upime maji, uandike. Samli kilo 3 yatosha wali wote, na hiyo haitaki friji kwa sababu maji yake yashapikwa yakaisha, funika tu vizuri. Viungo nunua vizima, ukaange na kusaga siku mbili kabla, sio zaidi, harufu yakimbia. Ukwaju kilo 2, vitunguu kilo 10, tende kulingana na mfuko.

Nyama: mbuzi au kondoo watatu wa wastani, tuseme kilo 36 na mifupa, ni kama gramu 240 kila mtu. Ongea na mwenye bucha mapema na mumpe rubuni ya nusu, wachinjwe alfajiri ya siku ya kuamkia harusi na uipike siku hiyo hiyo, na vitunguu, tangawizi, pilipili manga, bizari, karafuu chache, ukwaju mwishoni. Mchuzi huu ukilala wazidi utamu.

Lakini hapa nisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo karamu nyingi huharibika. Usichukue sufuria kubwa la moto ukalitia kwenye friza ya jirani ukafunga ukaenda kulala. Kando patapoa na katikati patabaki vuguvugu mpaka asubuhi, na vuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na 60, ndo vijidudu vyataka. Gawa mchuzi kwenye sufuria ndogo ndogo na masinia yenye kina, usizidi vidole vinne, yakalishe kwenye karai la maji na barafu huku mtu akoroga, ukipoa ndo uingize, na usichukue zaidi ya masaa mawili kuupoza. Jirani mwambie aitoe mizigo yake ya samaki siku hiyo, friza ikijaa pomoni hewa haizunguki. Asubuhi ukiurudisha motoni sio kupasha, uchemke ububujike mpaka katikati.

Kunde zipike siku hiyo hiyo ya kuamkia, bila tui. Tui litie siku yenyewe, kukuna nazi na kukamua ni kazi ya asubuhi, tui kwa joto la Malindi likikaa masaa machache lachachuka, usijidanganye na friji ambayo yafunguliwa kila dakika. Ndio maana nimeupenda ule wali wa samli, wakuondolea mbio za nazi 40. Ndizi za maziwa nazo za asubuhi, menya ukiwa umejipaka samli mikononi utomvu usishike, na ukwaju na ndimu ziwe mbali na sufuria hiyo maziwa yasikatike.

Wali mwisho kabisa, sufuria mbili za kilo 10, uive saa moja kabla ya watu kukaa. Pakulia kwa masinia, watu watano sinia moja, ni masinia 30, kila sinia na nyama yake na vibakuli vyake vya achari na maziwa, hapo huna haja ya foleni wala sahani za karatasi. Kule Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, wachimbaji walitoa vigae vya vyombo vya Kichina kibao, wazee wetu walipakulia vizuri, basi masinia yenu yang'ae.

Kunywa: dafu, maji ya ukwaju na maziwa. Kahawa chungu sitamkatalia mtu, masufi wa Yemen walikuwa washaanza kuinywa karne hiyo ya 15.

SWALI: Mie pia nina shughuli ya watu wengi, nataka nguru. Wikendi bei yapanda, kuna muuzaji aniambia ninunue siku tatu kabla nimtie viungo vingi, vitaua kila kitu. Kweli?
Msomaji, Watamu

JIBU: Hapana, na huyo muuzaji usimsikilize tena. Nguru, jodari na jamaa zao wakikaa nje ya barafu nyama yao hutengeneza sumu inayoitwa histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika, haiondoki kwa kukaanga, haiondoki kwa viungo, na samaki aweza kunuka sawa tu na kuonekana sawa tu. Mlaji baada ya muda mfupi uso wawaka, mwili wawasha, kichwa chauma, moyo wapiga mbio. Fikiria hiyo kwa ukumbi mzima. Kama wataka nguru mwagize kwa mvuvi unayemjua, umchukue anapoteremshwa, na barafu iende na wewe pwani, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, chini barafu na juu barafu. Ama uchukue changu na tewa, hao hawana tabia hiyo ya histamini, lakini barafu ni ile ile. Na kama shughuli yako yaangukia kusi, bahari imechafuka na samaki ni wachache, weka oda mapema, au fanya ya nyama tu na hakuna atakayekulaumu.

SWALI: Bi mkubwa, sisi tulifanya meza kama hiyo na wazee walidai pilipili. Tungewajibuje?
Lamu, Mkomani

JIBU: Wazee hawajibiwi, wawekewa. Ongeza tangawizi mbichi iliyokatwa nyembamba na pilipili manga iliyotwangwa chapa chapa, sio unga, huo ukali washuka mpaka kifuani na ndo ulikuwa ukali wa wakati ule. Akizidi kudai mletee kibakuli cha pilipili mbichi yeye peke yake, mzee ale ashibe. Kibakuli hicho kiwekwe kwake tu, kisizunguke kwenye masinia mengine.