Unataka kuwa mwanakosmolojia? Darubini itasubiri, anza na hesabu

Juzi kuna dogo kanitumia meseji, yuko sekondari mwaka wa mwisho, anasema anapenda sana nyota na anataka kuwa mwanakosmolojia, eti anunue darubini gani. Nimekaa na hiyo meseji siku tatu sijajibu, maana imenigusa pabaya, hilohilo ndo swali nililokuwa nalo mimi umri wake na kila niliyemuuliza alinipa majibu matamu tu. Sasa mwezi uliopita nimetetea tasnifu yangu ya uzamivu na nimepita, alhamdulillah, miaka 11 tangu niingie chuo ukihesabu na ule mwaka niliorudia, kwa hiyo naona nina haki ya kusema.

Dogo, darubini iache kwanza. Sisi wanakosmolojia hatukeshi tunachungulia nyota moja moja, tunauchukua ulimwengu wote kama kitu kimoja, tunauliza ulianzaje, unatanuka kwa kasi gani, umejaa nini. Ukisikia una umri wa miaka kama bilioni 13.8, na kwamba maada ya kawaida, yaani wewe, mimi na nyota zote, ni asilimia 5 tu na iliyobaki ni maada ya giza (isiyotoa mwanga) na nishati ya giza (inayozidisha kasi ya kutanuka kwa ulimwengu), ujue hakuna aliyeona hayo kwa jicho. Satelaiti ya Planck ilipima mnururisho uliobaki toka mlipuko mkuu, tofauti za joto ndogo mno, halafu ikaja hesabu juu ya hesabu.

Shule yenyewe iko hivi: shahada ya kwanza ya fizikia (au hesabu, au astrofizikia) miaka 3 au 4, uzamili mwaka 1 au 2, uzamivu 3 mpaka 6 kutegemea nchi, Marekani mara nyingi unaunganisha uzamili na uzamivu humohumo. Bila uzamivu kazi ya utafiti hupati, hapo nisikudanganye.

Mimi niliingia chuo najiona mkali kwa sababu nilikuwa nimesoma makala zote za mashimo meusi, naweza kukuelezea Einstein na nadharia yake ya uhusianifu ya 1915 mpaka ulale. Somo lenyewe la uhusianifu lilipokuja, ubao umejaa tensa (majedwali ya namba yanayoelezea jinsi anga linavyopinda), nikafeli. Mhadhiri akanambia mbele ya darasa zima nikatafute kitu kingine cha kusoma. Sijasahau na sidhani kama nitasahau. Mwaka ule niliorudia nilirudi nyuma kabisa, aljebra ya vekta na matriksi, kalkulasi, milinganyo tofautishi (differential equations), maswali kumi kila usiku, hata yale niliyoyaona ya kitoto. Ndo nikagundua tatizo halikuwa Einstein, tatizo lilikuwa mambo ya mwaka wa kwanza niliyoyaruka nikikimbilia mashimo meusi. Hesabu, jamani. Hesabu.

Halafu kompyuta, hili nalo hakuna aliyenambia. Mwaka wa pili wa uzamivu nilikuwa napima jinsi galaksi zinavyojikusanya, kwenye grafu panatakiwa patokee kilima kidogo kwenye umbali wa kama megapaseki 150 (megapaseki moja ni kama miaka ya mwanga milioni 3.26), ni alama iliyoachwa na mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga. Changu kikatokea 100. Wiki tatu! Nikaanza kuamini nimegundua kitu kipya, hata usingizi sipati. Kumbe umbali kwenye ile data ulikuwa umeandikwa kwa megapaseki kugawa kwa h, na h, namba inayotokana na kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ni kama 0.7, mimi nikausoma kama megapaseki za kawaida. Herufi moja. Nililia, nasema kweli.

Kwa hiyo jifunze Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) mapema, jifunze na takwimu, hasa za Bayes (za kurekebisha makadirio kadiri data inavyokuja), na kila namba uiulize kipimo chake kabla hujaiamini. Data za Planck ziko wazi kwenye intaneti, bure, hata wewe wa sekondari unaweza kuzishusha ukaanza kuzichezea. Vijana wengi mnataka kuitwa wanasayansi lakini swali likizidi nusu saa mnafungua simu, hapana, haiendi hivyo, kaa nalo mpaka likuachie.

Na baada ya uzamivu bado, unaanza mikataba ya utafiti ya miaka 2 au 3, unahama, unaomba tena, nafasi za kudumu ni chache kuliko watu. Mimi nimeshaomba kumi na mbili, tisa wamekataa, tatu nasubiri. Wenzangu kadhaa wameenda kwenye data na mabenki na wanaishi vizuri, hesabu ileile.

Dogo, kalkulasi uliyonayo sasa hivi ifanye yote mpaka sura ya mwisho, ukikwama nitumie picha ya swali na ulipofikia. Usinitumie swali tupu.